Triathloni Fupi kwa Watu wa Makamo: Nini Hutokea Mwilini, na Nani Apimwe Kabla ya Kuingia Majini

Triathloni ni shindano la michezo mitatu inayofuatana bila mapumziko: kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia. Ile inayoitwa fupi ina mita 750 za kuogelea, kilometa 20 za baiskeli na kilometa 5 za mbio, yaani nusu ya umbali unaotumika katika Olimpiki. Mtu mwenye mazoezi ya wastani huimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Wapo wanaotumia saa mbili, na hakuna anayewacheka.

Mchezo wenyewe ni mchanga. Shindano la kwanza lililobeba jina hilo katika sura tunayoijua leo lilifanyika Mission Bay, San Diego, Marekani, tarehe 25 Septemba 1974, likiandaliwa na klabu ya riadha ya mji huo. Uliingia katika Olimpiki huko Sydney mwaka 2000, na mbio za kupokezana za timu mchanganyiko zikaongezwa katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021. Naitaja historia hii kwa sababu ya neno moja, klabu. Tangu siku ya kwanza triathloni imekuwa jambo la watu wanaofahamiana na kufanya mazoezi pamoja, na kwa jicho la daktari hilo si dogo. Mwenzako wa klabu ndiye wa kwanza kutambua kwamba leo unahema kuliko kawaida yako.

Katika klabu ninayofanyia mazoezi hapa Dar es Salaam, wengi wetu si vijana. Ni watu wa miaka arobaini na hamsini, na baadhi yao walijiunga baada ya kuambiwa kliniki kwamba sukari au shinikizo la damu limepanda. Kwa hiyo swali ninaloulizwa mara nyingi, ufukweni na kliniki pia, ni hili: “Daktari, na mimi naruhusiwa?” Jibu hutegemea zaidi sehemu ya kwanza ya shindano kuliko sehemu nyingine zote.

Majini

Watu wengi hudhani hatari iko mwishoni, wakati wa kukimbia juani ukiwa umechoka. Takwimu zinasema vinginevyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 katika jarida la Annals of Internal Medicine ulikusanya vifo na matukio ya moyo kusimama katika triathloni za Marekani kuanzia mwaka 1985 hadi 2016. Matukio yalikuwa 135. Kati ya hayo, 90 yalitokea wakati wa kuogelea, 15 wakati wa kukimbia, na 7 tu kwenye baiskeli yakiacha kando ajali, ambazo zenyewe ziliua watu 15. Umri wa wastani ulikuwa karibu miaka 47, na asilimia 85 walikuwa wanaume. Kwa ujumla ni tukio moja hadi mawili kwa kila washiriki 100,000. Hatari hiyo ni ndogo, na kwa mtu mwenye afya manufaa ya mazoezi yanaizidi sana. Lakini haikugawanywa sawa kwa wote. Miongoni mwa waliofanyiwa uchunguzi wa maiti, asilimia 44 walikutwa na kasoro ya moyo au mishipa yake, nyingi zikiwa ni mishipa ya moyo iliyoziba kwa mafuta au misuli ya moyo iliyonenepa isivyo kawaida.

Kwa nini majini? Kwanza, maji yanaugandamiza mwili kutoka kila upande, na damu iliyokuwa miguuni husukumwa kuelekea kifuani, hivyo moyo hupokea mzigo mkubwa kuliko ule wa nchi kavu. Pili, uso unapolowa na pumzi kubanwa, mwili hupunguza kasi ya mapigo ya moyo. Ni silika tuliyo nayo pamoja na wanyama wa majini. Wakati huohuo msisimko wa kuanza, makelele, mateke ya jirani na hofu huamrisha moyo uende mbio. Amri mbili zinazopingana zinafika kwenye moyo mmoja. Moyo mzima huvumilia, ila wenye kovu au msuli ulionenepa unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo yake. Na mtu aliyepoteza fahamu barabarani huanguka watu wakamwona, ilhali majini huzama kimya.

Maji ya bahari yetu ni ya vuguvugu, hivyo mshtuko wa baridi unaowasumbua waogeleaji wa Ulaya si tatizo kubwa kwetu. Tusijipongeze mno, kwani msongamano na hofu havina nchi. Aidha, kuna hali ambayo wahudumu wa afya wengi hawajaizoea: mapafu kujaa maji yanayotoka kwenye mishipa ya damu ya mwogeleaji mwenyewe, bila yeye kumeza hata tone la maji ya bahari. Dalili zake ni kikohozi, pumzi kukatika na makohozi yenye povu, wakati mwingine ya rangi ya waridi. Shinikizo la damu na kunywa maji kupita kiasi kabla ya kuanza ni miongoni mwa vichocheo. Atolewe majini mara moja, akalishwe wima asilazwe, apewe oksijeni na apelekwe hospitali. Kumwambia apumzike kidogo kisha aendelee ni kosa la hatari.

Nani apimwe

Mwanaklabu mmoja, mwalimu wa sekondari mwenye miaka 48, ameniruhusu nieleze habari zake bila kumtaja. Wiki tano kabla ya shindano tulimpima, shinikizo lake likawa 168/102. Alikuwa na dawa alizoandikiwa mwaka uliotangulia, lakini aliziacha alipoanza mazoezi kwa kuwa alijisikia vizuri. Hapo ndipo wagonjwa wengi hujidanganya, kwa maana shinikizo la damu halina kawaida ya kupiga hodi. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Ulaya wa mwaka 2020 unashauri kwamba mwenye shinikizo la juu linalozidi 160 asifanye mazoezi makali mpaka lidhibitiwe. Hatukumkataza kutembea wala kuendesha baiskeli taratibu. Tulimkataza kushindana na kuogelea baharini, tukamrudisha kwenye dawa, tukampima umeme wa moyo na baadaye moyo wenyewe kwa mawimbi ya sauti. Alikasirika, na kwa wiki nzima hakuniamkia ipasavyo.

Kwa mhudumu wa zahanati asiye na mashine hizo, maswali manne yanafanya kazi kubwa. Je, umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukiwa katikati ya mazoezi, siyo baada yake? Je, kifua hubana au kuuma unapopanda mlima au ngazi? Je, yupo ndugu wa damu aliyefariki ghafla kabla ya kutimiza miaka 50? Je, pumzi yako imepungua miezi ya karibuni pasipo sababu unayoijua? Jibu la “ndiyo” kwa swali lolote linatosha kumpa rufaa kabla ya kumpa baraka. Mtu aliyevuka miaka 40 mwenye kisukari, mvuta sigara au mwenye shinikizo la damu apimwe umeme wa moyo hata kama majibu yote ni “hapana”.

Dawa nazo zina mambo yake. Zile zinazopunguza mapigo ya moyo, kama atenololi, huufanya moyo usifikie kasi uliyoizoea, hivyo saa ya mkononi inayohesabu mapigo itampotosha mtumiaji. Zile za kuongeza mkojo humaliza maji na chumvi katika joto letu. Usiziache kwa uamuzi wako. Mwulize daktari zinywewe saa ngapi siku hiyo. Ninachokataza bila kusitasita ni mazoea ya kumeza diklofenaki au ibuprofeni asubuhi ya shindano “kuzuia maumivu”. Dawa hizo huzibana figo wakati ambao figo zimekwisha kunyimwa damu na misuli inayofanya kazi. Anayetumia insulini apime sukari kabla ya kuingia majini. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale kwanza kitu chenye wanga kisha apime tena.

Mbebaji wa kinasaba cha selimundu, yaani asiyeugua lakini aliyerithi kinasaba kimoja, anaweza kushiriki. Lakini ajenge mazoezi polepole, asikurupuke kwa kasi ya juu akiwa hajalizoea joto, na asimame mara misuli inapolegea na kuuma isivyo kawaida. Mwenye ugonjwa wenyewe asishindane bila ushauri wa daktari bingwa wake.

Kutoka majini hadi mwisho

Anayetoka majini na kuinuka ghafla huona kizunguzungu, kwa sababu maji yaliyokuwa yakisukuma damu kifuani hayapo tena na damu inashuka miguuni. Atembee hatua chache kabla ya kukimbilia baiskeli. Kofia ngumu ifungwe kidevuni kabla baiskeli haijaguswa. Ndiyo kanuni ya mchezo, na ni kanuni nzuri. Kuhusu barabara zetu sina mengi ya kusema: bila barabara kufungwa kwa magari na bodaboda, sehemu ya baiskeli isifanyike.

Kwenye baiskeli upepo hupoza ngozi na mwendeshaji hujiona mzima. Akishuka, upepo unakoma, misuli inazidi kuzalisha joto, na unyevu wa pwani hauruhusu jasho kukauka. Miguu nayo huwa mizito kama imefungwa mawe, kwa kuwa mishipa ya fahamu bado inaendesha mzunguko wa pedali. Uzito huo huisha ndani ya dakika chache, na hupungua kwa kufanya mazoezi ya kuunganisha: baiskeli, kisha mbio fupi papo hapo.

Joto ni suala jingine. Mkimbiaji anayeyumba, anayejibu maswali hovyo au anayegombana na wasaidizi achukuliwe kuwa na kiharusi cha joto mpaka ithibitike vinginevyo. Joto la ndani hupimwa kwa njia ya haja kubwa; kipimajoto cha kwapani hudanganya. Likizidi nyuzi 40, atumbukizwe katika beseni kubwa la maji yenye barafu hadi lishuke chini ya 39, ndipo asafirishwe. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anaungua, kisha kukwama kwenye foleni, ni kumwongezea hatari.

Hata hivyo, si kila anayechanganyikiwa amepungukiwa maji. Katika mbio za marathoni za Boston mwaka 2002, wakimbiaji 488 walipimwa damu, na asilimia 13 walikutwa na sodiamu ya chini, hasa kwa kunywa kupita kiasi. Triathloni fupi haina muda mrefu hivyo na tatizo hili ni adimu, lakini mwenda polepole anayesimama kila meza ya maji anaweza kulipata. Kunywa unapoona kiu. Mhudumu naye asikimbilie kutundika dripu kabla ya kujua sodiamu. Na anayeanguka baada ya kuvuka mstari wa mwisho, akili zikiwa timamu, mara nyingi ana damu iliyotuama miguuni tu. Alazwe, miguu iinuliwe, na kwa dakika chache atarejea.

Waandaaji wapange saa ya kuanza kwa kufuata jedwali la maji kujaa na kupwa. Siku za bamvua tofauti ya kina hapa Dar es Salaam huzidi mita 3. Eneo lililokuwa la kuogelea huwa miamba na fumu. Mgeni rasmi akichelewa, bahari haimngoji. Kila mwogeleaji awe na kofia ya rangi kali, ngalawa au mitumbwi iwe karibu, na mashine ya kushtua moyo iwe ufukweni penye sehemu ya kutokea majini, isiwe kwenye hema la viongozi. Moyo ukisimama, kukandamiza kifua kuanze papo hapo mchangani. Kwa aliyezama, zitangulizwe pumzi za kuokoa.

Mwalimu wetu alishiriki kwa njia ambayo naipendekeza kwa wengi: timu ya watu watatu. Mmoja aliogelea, yeye akaendesha baiskeli, wa tatu akakimbia, wakipokezana mkanda wa muda unaofungwa kifundoni. Siku tatu kabla, shinikizo lake lilikuwa 132/82. Alimaliza kilometa 20 kwa dakika 46 na kumkabidhi mwenzake mkanda akiwa anacheka. Jioni lilikuwa 118/74, jambo la kawaida, kwa kuwa baada ya mazoezi mishipa hubaki imetanuka kwa saa kadhaa. Akaniuliza kama sasa anaweza kupunguza vidonge. Kipimo cha siku ya mazoezi hakitoshi kuamua dawa. Tumepanga apime nyumbani asubuhi na jioni kwa wiki moja, akiwa ameketi na kupumzika dakika 5 kila mara, kisha alete daftari kliniki.