Sake: Mfuko wa koltani bila karatasi hauna mnunuzi wa kweli

Kutoka Goma hadi Sake hakufiki kilomita 30, na hapo barabara inagawanyika. Moja inapanda Mushaki kuelekea Rubaya na Masisi, nyingine inafuata ziwa hadi Minova. Kwa miaka mingi koltani ya Rubaya imeshuka kwa njia hii ndani ya mifuko inayofanana yote. Mfuko unaouzika Ulaya au Marekani unajulikana kwa karatasi yake: madini yalichimbwa kwenye shimo gani, siku gani, kilo ngapi, na nani alitoza kodi njiani.

Kampuni kubwa zinaita kazi hiyo ripoti ya uendelevu, yaani kuandika wazi namna biashara inavyotendea watu, udongo na maji. Katika Kivu ilikuja kama sharti la watu wa mbali. Mwezi wa saba 2010, Marekani ilipitisha sheria ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo kwenye soko la hisa zieleze kama bati, tantali, tungsteni na dhahabu wanazotumia zinatoka Congo au nchi jirani. Mwezi wa tisa mwaka huohuo, Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, hadi mwezi wa tatu 2011. Marufuku ilipoondolewa, wanunuzi wengi wa nje hawakutaka tena madini yasiyo na karatasi. Wachimbaji wakaiita «sheria ya Obama», na hawakuwa wanaisifu.

Soko lilianza kurudi pale watu walipojifunza kuandika. Mwaka 2013 kampuni yenye kibali cha Rubaya na koperative ya wachimbaji, COOPERAMMA, walitia sahihi mapatano. Mwaka 2014 etiketi za mpango wa ITSCI zikaanza kufungwa kwenye mifuko huko Masisi. Ajenti wa serikali anapima mfuko karibu na shimo, anaufunga kwa etiketi yenye namba, anaandika namba hiyo kwenye daftari. Kwa negosia unapimwa tena na kupewa etiketi ya pili. Kabla ya kutoka nchini, mzigo unahitaji cheti cha CIRGL, jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu.

Kazi hiyo inadai mafunzo, na hapa ndipo wengi wanapokosea kwa kudhani ni mambo ya ofisi tu. Ajenti wa SAEMAPE, idara ya serikali inayosaidia wachimbaji wadogo, lazima ajue kusoma mizani na kuandika tukio siku lilipotokea. Mkuu wa shimo lazima ajue kwamba mtoto haruhusiwi kuchimba. Mafunzo hayo yana bei, na gharama ya etiketi nayo hukatwa kwenye bei ya kilo hadi imfikie mchimbaji. Malalamiko yake ni ya haki. Lakini bila etiketi analipwa kidogo zaidi, kwa sababu anayenunua kwa siri anajua muuzaji hana pa kwenda.

Ripoti ya uongo nayo inaua biashara. Mwezi wa nne 2022, shirika la Global Witness liliishutumu ITSCI kwamba etiketi zake zilisafisha madini ya magendo na ya mashimo yasiyoruhusiwa. ITSCI ilikanusha. Mwezi wa kumi mwaka huo, RMI, muungano wa kampuni kubwa zinazonunua madini, uliacha kuutambua mpango huo.

Halafu vita. Tarehe 30 mwezi wa nne 2024, M23 waliteka Rubaya. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba kundi hilo lilikuwa likikusanya dola zipatazo 800,000 kwa mwezi kutokana na kodi ya koltani, na kwamba angalau tani 150 zilipelekwa Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Mwezi wa pili 2025, Kinshasa ilitangaza machimbo ya Masisi na Kalehe kuwa «mekundu», maana yake mali yake hairuhusiwi kuuzwa. Mchimbaji aliyefuata kila sharti anaingia kwenye adhabu moja na mtoza kodi mwenye bunduki.

Walikale kunaonyesha upande mwingine. Mlima wa Bisie ulikuwa na maelfu ya wachimbaji wa mikono, na watu wenye silaha wakitoza kodi. Leo Alphamin inachimba bati hapo, ina hisa kwenye masoko ya Toronto na Johannesburg, na inatoa ripoti zake hadharani. Mwaka 2024 ilizalisha tani 17,324. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025 ilisimamisha kazi M23 walipokaribia, na bei ya bati duniani ikapanda. Mwezi uliofuata, M23 walipokwisha kuondoka Walikale, ikatangaza kurudi kazini hatua kwa hatua. Mwaka huohuo kampuni ya Abu Dhabi, IRH, ilinunua zaidi ya nusu ya hisa. Vita havikuwa vimekwisha, lakini mwenye pesa alikuwa na hesabu za miaka za kusoma kabla ya kuamua.

Wakulima wanaopita Sake na mizigo yao wasidhani jambo hili ni la madini peke yake. Minova, koperative ya kahawa ya SOPACDI inauza nje kahawa yenye vyeti vya kilimo hai na Fairtrade, na cheti hakitolewi bila orodha ya wanachama na mashamba yao. Sheria ya Ulaya ya 2023 juu ya ukataji wa misitu, ambayo kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja, itadai zaidi: kila mfuko wa kahawa au kakao uonyeshe shamba ulikotoka, kwa vipimo vya GPS. Simu ya kawaida yenye GPS inatosha kuchukua vipimo hivyo. Kinachopungua ni vijana waliofundishwa kuitumia, shamba kwa shamba, pamoja na njia salama ya kufika huko.