Bandeji za asali na gundi ya nyuki: soko liko wapi hasa?

Na Mwandishi Wetu

MFUGA nyuki wa Tabora au Singida anapovuna, asali huingia kwenye ndoo, nta huyeyushwa, na ile gundi nyeusi inayoziba nyufa za mzinga mara nyingi hukwanguliwa na kutupwa. Gundi hiyo, ambayo wanunuzi wa nje huiita propolisi, inatajwa sana katika utafiti wa bandeji za vidonda, na si ajabu mfanyabiashara kuambiwa na dalali kwamba viwanda vya dawa vinaisubiri kwa tani. Kabla ya kukodi lori ni vema kujua kipi kipo sokoni na kipi bado kipo maabara.

Kilichopo sokoni ni bandeji ya asali. Mwaka 2007 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliruhusu bandeji za Medihoney, zinazotumia asali ya mmea wa manuka wa New Zealand. Sukari nyingi ya asali huvuta maji, asidi yake huwasumbua vijidudu, na kimeng'enya kilichomo huzalisha haidrojeni peroksaidi kidogo kidogo inapokutana na majimaji ya kidonda. Manuka ina kiambata cha ziada, methiliglaioksali, kilichotambuliwa na watafiti mwaka 2008. Tathmini ya Cochrane ya mwaka 2015, iliyokusanya majaribio 26 yenye washiriki 3,011, ilionyesha kwamba asali huponya majeraha ya moto yasiyo ya kina sana haraka kuliko baadhi ya bandeji za kawaida. Kwa vidonda sugu vya miguu, hata hivyo, faida hiyo haikuonekana. Dalali hatakuambia nusu hiyo ya pili.

Hadithi ya nano ni tofauti. Gundi ya nyuki huyeyuka vizuri kwenye spiriti lakini si kwenye maji, hivyo ni vigumu kuipaka kidondani kwa kipimo kinachoeleweka. Watafiti huchukua kitosani, polima asilia itokanayo na maganda ya kamba na kaa, wakaichanganya na chumvi ya fosfeti. Chembe ndogo sana hujiunda zenyewe na kunasa dondoo la gundi ndani yake. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na unywele wa binadamu una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Chembe hizo huwekwa ndani ya utando, jeli au nyuzi laini. Kidonda kikitoa majimaji, polima huvimba na dawa huvuja polepole badala ya kumwagika yote siku ya kwanza. Hata karajini, inayopatikana kwenye mwani unaolimwa Zanzibar, hutumika katika utafiti wa jeli za aina hii.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo imefanyika kwenye vyombo vya maabara na kwa panya, na kinachotumika ni gramu chache. Tani anazozitaja dalali haziendi huko. Wanunuzi wa kweli wa gundi ni watengenezaji wa dawa za koo, dawa za meno na virutubisho. Brazil imeiuzia Japan gundi yake ya kijani kwa miaka mingi. Gundi hubadilika kulingana na miti ya mahali, kwa hiyo ya miombo haiwezi kuuzwa kwa jina la Brazil. Inahitaji vipimo vyake yenyewe.

Kwa wasafirishaji, suala kubwa ni joto. Kiwango cha Codex kinataka maji kwenye asali yasizidi asilimia 20, na HMF isizidi miligramu 40 kwa kilo, au 80 kwa asali inayotoka nchi za joto. HMF hupanda asali inapokaa juani, na kimeng'enya kile kile kinachoifanya ifae kwa vidonda huharibika. Lori lililofunikwa turubai jeusi na kusimama siku mbili mpakani likisubiri karatasi linaweza kumfikisha mnunuzi kwenye mizani nyingine kabisa. Madumu yaliyowahi kubeba mafuta ya taa nayo hayaoshwi yakatakata, hata mwenye duka aape.

Forodhani, asali huingia namba 0409 na nta 1521, lakini bandeji yenye dawa ni 3005. Huwezi kuipitisha kama asali. Mamlaka za dawa, TMDA kwa Tanzania, PPB kwa Kenya na NDA kwa Uganda, huitazama kama kifaa tiba au dawa, na huhitaji usajili na kibali cha kuingiza. Cheti rahisi cha uasili cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, hakiisaidii bandeji iliyotengenezwa New Zealand. Na asali ya bandeji husafishwa kwa mionzi ya gama ili kuua mbegu za bakteria wa botulizimu, kwa hiyo asali ya ndoo isiuzwe kwa muuguzi kama mbadala.

Anayetaka kujaribu gundi aanze na sampuli. Avune kwa wavu wa plastiki uliowekwa juu ya mzinga, augandishe kwenye friji ili gundi ikatike, na aepuke mizinga iliyopakwa rangi, kwani rangi za zamani zina madini ya risasi. Vumbi la mbao na nta vikizidi, mnunuzi hushusha bei au hukataa mzigo wote, na nauli ya kurudi hulipwa na mwenye mali.