Kwa Nini Ndege Ndogo Huzunguka Ikiwa Imeshatua



Ninyi mnaokaa karibu na Tsavo mmeizoea ile ndege ndogo ya watu wawili, mmoja nyuma ya mwenzake, ambayo KWS huitumia kutafuta ndovu na majangili. Mfano wa ndege kama hiyo ni Piper Super Cub, aina iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1949. Haina gurudumu chini ya pua. Ina mawili makubwa mbele, na moja dogo chini ya mkia.

Mama mmoja alituuliza, "Mbona ndege kama hiyo ilitua vizuri, halafu ikazunguka yenyewe mpaka bawa likagonga chini? Dereva alikuwa amelewa?" Hapana, mama. Hebu tueleze.

Fikirieni punda na mkokoteni. Punda akivuta kutoka mbele, mzigo unamfuata, na ukienda kombo unajinyoosha wenyewe. Sasa mfungeni punda nyuma, asukume kwa kifua. Mkokoteni ukipinda kidogo tu, yeye anazidi kusukuma, nao unazidi kupinda, mwisho mahindi yote yako mtaroni. Ndege hii iko hivyo. Kitovu cha uzito wake kiko nyuma ya yale magurudumu makubwa. Ikianza kwenda upande, uzito wa nyuma unataka kupita mbele. Inazunguka ghafla, bawa la nje linashuka, na pengine mguu wa gurudumu unavunjika. Ndege yenye gurudumu la pua uzito wake uko mbele ya magurudumu makubwa, kama punda wa kawaida, kwa hiyo inasamehe makosa.

Rubani huizuia kwa usukani wa mkia, ambao huuendesha kwa miguu. Lakini usukani huo unategemea upepo unaoupitia. Kadiri mwendo unavyopungua, nguvu yake inaisha, na hapo ndipo hatari inapozidi, wakati sisi tunaotazama tumeshaanza kupiga makofi! Akisema akanyage breki kwa nguvu, mkia unainuka na pua inachimba udongo. Basi hawezi kulegeza miguu mpaka ndege isimame kabisa.

Upepo wa ubavuni ndio adui mkubwa. Unapiga mkia, na pua inageukia kule upepo unakotoka. Ndiyo maana marubani wengi wanapenda kutua asubuhi, kabla jua halijauchochea upepo. Tena sehemu za juu kama Laikipia hewa ni nyepesi, kwa hiyo ndege inagusa ardhi ikiwa na mbio zaidi kuliko ikitua Mombasa, ingawa saa ya mwendo inaonyesha namba ile ile.

Mtauliza, kwa nini wasiiache? Kwa sababu pua yake iko juu, panga za mbele haziko karibu na mawe, na haina gurudumu la pua la kuvunjikia shimoni. Kwenye uwanja wa majani na vichuguu inafaa sana.

Sasa kazi yetu. Kikundi kinachotunza uwanja kifyeke majani pande zote mbili sawasawa, maana gurudumu moja likishikwa na majani marefu au tope ndege inavutwa upande huo. Mashimo ya ngiri yajazwe na kushindiliwa. Mfuko wa kitambaa wa kuonyesha upepo ukichanika, akina mama wa cherehani waushone siku hiyo hiyo.

Watoto nao waambiwe. Ndege hii ikiwa chini, pua inamziba rubani asione mbele. Akitembea kwa kupindapinda kama nyoka hachezi, anachungulia njia. Mtoto aliyesimama mbele haonekani kabisa. Wote wakae mbali kando mpaka panga zisimame.

Tena mizoga. Januari 1959, Mjerumani Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti, alikufa alipogongana na tai angani. Ndege yake, Dornier Do 27, ilikuwa nayo ya gurudumu la mkiani, lakini hapo gurudumu halikuwa na kosa. Bawa liliharibika na ndege ikakataa kuongozwa. Tai hufuata nyama. Mbuzi akifa karibu na uwanja, azikwe siku hiyo hiyo, mbali na njia ya kutua, na shimo liwe refu fisi asilifukue.