Mafuta ya Sitronela: Yafaa, Lakini kwa Kiasi

Embulbul, ambayo wengi huiita Bulbul, ni mji mdogo ulio kando ya barabara ya Ngong, katika Kaunti ya Kajiado. Upepo wa vilima vya Ngong hukausha ngozi, na kwa hiyo mafuta ya kujipaka yatakiwa katika kila nyumba. Mnunuzi asomaye maandishi ya sabuni na mafuta hayo aghalabu hukuta jina la sitronela. Yafaa ajue ni kitu gani.

Sitronela ni nyasi ndefu, ndugu ya mchaichai. Aina mbili zijulikanazo sana ni ile ya Sri Lanka na ile ya Java. Mchaichai hutiwa katika chai. Sitronela haitumiwi hivyo. Majani yake hukatwa, yakapitishwa mvuke wa maji ya moto, kisha mvuke ukapozwa. Hapo mafuta huelea juu ya maji, yakaenguliwa. Kilo 100 za majani hutoa mafuta kilo 1 hivi, au pungufu.

Kazi yake katika sabuni ni mbili: kutia harufu njema na kuwafukuza mbu. Ulaini wa ngozi hautoki kwake, bali hutoka katika mafuta mazito yachanganywayo nayo, kama ya nazi au ya alizeti. Wala si jambo la kigeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwaka 2013 Gérard Niyondiko wa Burundi na mwenzake Moctar Dembélé wa Burkina Faso walipata tuzo huko Marekani kwa sabuni ya kufukuza mbu, ambayo ndani yake mlikuwa na mafuta ya mchaichai.

Lakini hapa pana hatari mbili. Ya kwanza ni kupaka mafuta haya matupu. Yana nguvu nyingi, na yaweza kuiwasha ngozi na kuifanya nyekundu. Anayetengeneza mafuta nyumbani asizidishe sehemu 1 katika 100, yaani kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Kwanza apake kidogo mkononi, angoje siku nzima. Yasikaribie macho wala kinywa, wala asipakwe mtoto mchanga.

Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni kuyategemea kupita kiasi. Harufu ya sitronela huruka upesi. Mwaka 2002 wataalamu wa Marekani walichapisha majaribio yao: mafuta ya sitronela waliyoyapima yalizuia mbu kwa muda usiofika dakika 20, hali dawa iitwayo DEET, yenye nguvu ya kiasi cha sehemu 24 katika 100, ilizuia kwa saa 5 hivi.

Baridi ya Ngong haiwapendezi sana mbu wa malaria. Lakini mama wa Embulbul asafiripo na watoto kwenda Kisumu au pwani, huingia katika nchi ya malaria. Akiwapaka watoto saa mbili za usiku, harufu itakuwa imekwisha kabla hawajapata usingizi, na mbu wa malaria huuma mpaka alfajiri. Hapana budi achukue chandarua chenye dawa. Sitronela iwe ya harufu na raha ya jioni. Ulinzi wa usiku uachiwe chandarua.