Serikali Nayo Ipige Hodi

Ukipita katika vichochoro vya Mji wa Kale wa Mombasa, kutoka Mlango wa Papa hadi Kibokoni, utaona kwamba nyumba zetu za zamani zilijengwa kwa kuzingatia sitara. Nje pana baraza, na hapo hata mpita njia huketi akanywa kahawa. Baada ya baraza kuna mlango, na mlangoni hupigwa hodi. Mgeni asiyeitikiwa mara ya tatu hurudi alikotoka, wala hanuni.

Nayakumbuka hayo, ndugu msomaji, kila nifikiripo usajili ulioanza mwaka 2019 kwa jina la Huduma Namba. Mwishoni mwa 2018 sheria ya usajili wa watu ilirekebishwa ndani ya mswada mmoja uliogusa sheria chungu nzima, na humo vikapenyezwa vinasaba pamoja na vipimo vya setilaiti vya kuonyesha mahali mtu anapoishi. Fomu yenyewe iliulizia wazazi, elimu, kazi, na hata shughuli za kilimo. Sisi wa kisiwani, ambao shamba letu ni mkungu wa ndizi ulionunuliwa Marikiti, tulipafika hapo tukacheka.

Kicheko hakikudumu. Wananchi walitoa alama za vidole mwezi wa Aprili na Mei. Sheria ya Kulinda Data ikatiwa sahihi tarehe 8 Novemba mwaka huo huo. Yaani mali ilikusanywa kwanza, kufuli likatafutwa baadaye.

Wanubi, kupitia shirika lao la Nubian Rights Forum, pamoja na watetezi wa haki za binadamu, walikuwa wamekwisha kwenda Mahakama Kuu. Tarehe 30 Januari 2020 majaji Mumbi Ngugi, Pauline Nyamweya na Weldon Korir waliamua kwamba kukusanya vinasaba na vipimo vile vya mahali ni kinyume cha Katiba, na kwamba kazi iliyobaki isiendelee pasipo kanuni za kutosha. Oktoba 2021 Jaji Jairus Ngaah alibatilisha utoaji wa kadi, kwa kuwa serikali haikupima kwanza hatari zinazoweza kumpata mwenye habari hizo.

Wapo wasemao: asiye na hatia aogope nini? Hawa, nadhani, hawajapata kuishi mtaani. Barazani kwetu kila mtu anajua habari za mwenziwe: nani anadaiwa, nani mgonjwa, nani kaposa akakataliwa. Lakini ajuaye ana uso, na uso una haya. Akivuka mpaka, wazee humkanya. Mtambo hauna haya. Nao huunganisha yale tuliyoyatoa mbalimbali, hili hospitalini, lile shuleni, jingine kwenye kodi, na kila moja tulilitoa kwa haja yake. Ibara ya 31 ya Katiba ya 2010 inatukinga tusidaiwe habari za jamaa zetu pasipo ulazima. Ulazima huo nani anaupima?

Wazee wetu waliyaonja haya. Sheria ya mwaka 1915 ilizaa kipande, kilichofungiwa ndani ya kikopo cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16 alikibeba kikiwa na alama za vidole vyake na habari za kazi yake, hata aliyemtoroka bwana aliweza kufuatwa popote. Karatasi moja ilitosha.

Tangu 2023 tuna Maisha Namba, anayopewa mtoto azaliwapo, imfuate shuleni na hadi utu uzima. Sisemi ni mbaya. Nchi haiendeshwi bila daftari, na ufunguo ukipotea hubadilishwa kitasa. Kidole hakibadilishwi.

Mpwa wangu alipokwenda kutafuta kitambulisho, katika ofisi nisiyoitaja, alipigwa msasa kwa sababu ya jina la ukoo wake. Aliagizwa alete vyeti vya babu na bibi. Tulivitoa sandukuni, vikatolewa nakala. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza mjini Wajir kwamba msasa wa namna hiyo kwa watu wa kaskazini umekwisha, tukafurahi pamoja nao. Mpwa wangu kitambulisho alikipata. Zile nakala za vyeti vya baba yangu nimeziulizia mara mbili ziko wapi, na anayezisoma ni nani. Mara zote mbili nimeambiwa nirudi kesho.