Je, Wajua? Mnara wa taa wa Unguja haukuangushwa na bahari

Mji wa Unguja, ulioneemeka kwa pembe za ndovu kutoka huku kwetu Maniema, ulikuwa na mnara wa taa mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Uingereza zilipiga mizinga kwa dakika zipatazo 40 ili kumwondoa Khalid bin Barghash kwenye kiti cha enzi. Mnara ukaharibika vibaya, ukabomolewa. Wapo watakaosema hasara ilifidiwa, kwani Beit al-Ajaib ilijengewa mnara wa saa. Lakini sehemu ya jumba hilo iliporomoka mwaka 2012, na tarehe 25 Desemba 2020 mnara wa saa nao ukaanguka katika maporomoko yaliyoua watu wawili. Wengine watalaumu uzee na chumvi ya bahari. Ni kweli vinakula mawe, ila polepole, na onyo lilitangulia kwa miaka minane. Kwanza mizinga, kisha ukarabati uliochelewa: yote ni maamuzi ya binadamu. Hata huku kwetu Kibombo, kwenye reli ya Kindu–Kongolo, jengo la kale hudumu likitunzwa mapema.