Gesi inayoivisha ndizi Karagwe ndiyo hiyo hiyo ya mtihani wa kemia

Karagwe na Kyerwa, ndizi za kutengenezea rubisi hufukiwa shimoni na kufunikwa kwa majani ya mgomba na udongo. Siku chache baadaye zinatoka zimeiva. Joto la shimo linasaidia, lakini kuna gesi ambayo ndizi zenyewe huitoa na kuharakisha uivaji: etheni.

Etheni ndiyo ndogo kuliko zote katika familia ya alkeni, mada inayowasumbua wanafunzi wengi wa PCM, PCB na CBG. Wengi wanakariri kemikali inayoongezwa, wanasahau masharti yake. Hapo maksi zinaondoka.

Iko hivi. Etheni ina kaboni mbili zilizoshikana kwa bondi mbili. Moja ni dhaifu. Ikifunguka, kila kaboni inapata nafasi ya kushika kitu kipya. Huo ndio mmenyuko wa kuongeza.

Bromini: Joto la kawaida linatosha, hakuna kichocheo. Rangi ya kahawia inapotea, ndiyo maana hutumika kupima alkeni maabara.

Haidrojeni: Inataka kichocheo cha nikeli na joto, kwa kawaida nyuzi 150 hivi. Unapata ethani. Njia kama hiyo hugandisha mafuta ya mimea.

Maji: Lazima yawe mvuke, na asidi ya fosforasi kama kichocheo, nyuzi 300 na presha mara 60 hadi 70 ya hewa ya kawaida. Unapata ethanoli. Ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye rubisi, ila huko hamira ndiyo inageuza sukari ya ndizi, bila presha wala moto mkali.

Mtego mkubwa uko kwenye propeni na HBr. Bila peroksidi, haidrojeni inatangulia kwenye kaboni ya pembeni, bromini inakaa katikati. Ukiweka peroksidi, bromini ndiyo inatangulia, nayo inakaa pembeni. Morris Kharasch na Frank Mayo wa Chuo Kikuu cha Chicago walilieleza hilo mwaka 1933. Angalizo: ni kwa HBr tu, HCl na HI hazimo.

Kwa hiyo ukiona mshale kwenye swali, soma kwanza kilichoandikwa juu na chini yake. Neno moja tu, peroksidi, linabadilisha jibu zima.